Maswali ya Wasomaji: Gesi Chafu Zinapokutana na Barafu

Tangu tuchapishe maelezo mafupi kuhusu shimo la ozoni juu ya Antaktika, wasomaji wengi wameuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: barafu inahusikaje na klorini? Tumechagua barua saba. Joto tumelitaja kwa nyuzi za Selsiasi, na kwa kelvini pale ambapo hesabu inadai hivyo. Kelvini 200 ni nyuzi -73.

Nimesoma kwamba haidrojeni kloridi na klorini nitreti zikikutana hewani hazifanyiani kitu, lakini juu ya barafu humenyuka papo hapo. Miaka yote nimewafundisha wanafunzi kwamba baridi hupunguza kasi ya mmenyuko. Sasa niwaambie nini? – Mwalimu wa kemia, Moshi

Mwalimu, usifute ulichokwisha kufundisha. Baridi hupunguza kasi ya mmenyuko unaopita njia ileile. Barafu inafungua njia nyingine kabisa, ambayo haina kilima kirefu cha nishati cha kupanda.

Tuanze na gesi zenyewe. Klorini inayotoka kwenye gesi za zamani za majokofu, zile CFC, haikai huru kwa muda mrefu ikifika stratosfia, tabaka la juu la angahewa lenye ozoni nyingi. Atomu ya klorini ikikutana na methani inanyang'anya haidrojeni na kuwa haidrojeni kloridi, HCl. Klorini monoksidi, ClO, ikikutana na naitrojeni dioksidi inakuwa klorini nitreti, ClONO2. Hizo mbili ni ghala. Klorini imo ndani lakini imefungiwa, na ikiwa humo haiigusi ozoni. Zikiwa gesi tupu, kasi ya mmenyuko kati yake ni ndogo mno hata maabara zimeweza kutoa kikomo cha juu tu, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoonekana hutokea kwenye kuta za chombo.

Sasa weka kipande cha barafu katikati. Molekuli za maji zilizo usoni mwa barafu hazina majirani pande zote kama zile za ndani; baadhi ya vifungo vyake vinaning'inia bila mwenzake. HCl ikitua hapo, maji yanaivuta pande mbili: haidrojeni inabaki na maji ikiwa ioni chanya, na klorini inabaki peke yake ikiwa ioni hasi. Kwenye baridi ya nyuzi -85, hata kwa HCl kidogo sana iliyoko huko juu, uso wa barafu unaweza kubeba molekuli zake karibu trilioni 100 kwa sentimita moja ya mraba. Kisha inakuja ClONO2. Klorini yake imeshikana na oksijeni, ambayo huvuta elektroni kwa nguvu zaidi, kwa hiyo klorini hiyo ina uchanya kidogo. Klorini hasi iliyo juu ya barafu na klorini chanya inayotua zinashikana:

ClONO2 + HCl → Cl2 + HNO3

Cl2 inaruka na kurudi hewani. Asidi ya nitriki inabaki ndani ya barafu. Hilo la pili waandishi wengi hulipita haraka, nasi tunaona ni nusu ya habari, kama jibu linalofuata litakavyoonyesha.

Kwa tarakimu: katika kila migongano 10 ya ClONO2 na barafu yenye HCl, takriban 3 hufanikiwa. Kwenye chembe za asidi ya nitriki iliyogandishwa na molekuli tatu za maji kwa kila molekuli ya asidi, ni kama 2. Lakini pasipo HCl, pale ClONO2 inapomenyuka na maji yenyewe na kutoa HOCl (asidi ya haipoklorasi), tofauti ni kubwa: migongano 3 katika kila 10 kwenye barafu safi, na 4 tu katika kila 1,000 kwenye hizo chembe za asidi ya nitriki, kwa kuwa maji yake yameshikwa na asidi na hayapatikani kirahisi.

Baridi basi inasaidia kwa namna mbili: bila hiyo mawingu ya stratosfia yanayobeba barafu hiyo hayapo, na bila hiyo HCl haikai usoni muda wa kutosha kukutana na mwenzake. Wanafunzi waelezwe pia kwamba si barafu ngumu peke yake inayofanya kazi hii. Matone ya asidi ya salfuriki, asidi ya nitriki na maji, ambayo hubaki kimiminiko hata chini ya nyuzi -78, yanafanya kazi ileile na kwa ufanisi mkubwa. Vitabu vinavyotaja barafu pekee vinaacha sehemu kubwa ya uso unaohusika.

Wazo la mmenyuko huu juu ya chembe za mawingu lilitolewa mwaka 1986 na Susan Solomon na wenzake, mwaka mmoja baada ya Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin kutangaza kwamba ozoni ya Oktoba juu ya kituo cha utafiti cha Halley, Antaktika, imeshuka kutoka kama vipimo 300 vya Dobson, vinavyoonyesha wingi wa ozoni, hadi chini ya 200. Mwaka 1987 maabara ya Mario Molina na ile ya Margaret Tolbert na wenzake zilionyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba mmenyuko huo kweli unatokea juu ya barafu.

Baridi kali ya Antaktika ni Julai na Agosti. Kwa nini ozoni inaisha Septemba na Oktoba? – Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tabora

Kwa sababu kazi ya barafu ni kuandaa tu, na anayekamilisha ni jua. Wakati wa usiku mrefu wa majira ya baridi, Cl2 na HOCl zinajikusanya gizani bila kudhuru chochote. Jua likirudi mwishoni mwa Agosti, Cl2 inapasuliwa kuwa atomu mbili. Kila atomu inachukua oksijeni moja kutoka kwa ozoni na kuwa ClO. ClO mbili zinaungana, jua linazipasua, atomu za klorini zinarudi huru na kuanza upya. Atomu moja inaweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni kabla haijafungiwa tena ghalani.

Ingefungiwa haraka kama naitrojeni dioksidi ingekuwepo. Hapo ndipo ile asidi ya nitriki iliyobaki kwenye barafu inapoonyesha umuhimu wake. Chembe zinakua hadi maikromita 10 au 20, zinakuwa nzito, zinaanguka kilomita kadhaa na kuondoka na sehemu kubwa ya naitrojeni ambayo ingerudi kuwa naitrojeni dioksidi. Hewa inabaki na klorini huru isiyo na wa kuifunga. Mwaka 1987 ndege ya utafiti ya ER-2 iliyoruka kutoka Punta Arenas, Chile, ikiwa na chombo cha James Anderson, ilipima ClO ikipanda ghafla hadi karibu sehemu 1 kwa bilioni ilipoingia ndani ya duara la pepo za ncha, na palepale ozoni ikishuka. Kati ya kilomita 14 na 20, ifikapo mapema Oktoba, ozoni huwa karibu imekwisha.

Nataka kupima jinsi gesi inavyonaswa na barafu kwa ajili ya tasnifu yangu. Nianze na chombo gani, na wengi hukosea wapi? – Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi

Ushauri wetu wa kwanza: usianze na ClONO2. Kuitengeneza kunahitaji Cl2O, ambayo hulipuka, na bidhaa yenyewe lazima ihifadhiwe kwenye nyuzi -78 na isiguse unyevu hata kidogo. Anza na asidi ya nitriki au HCl, ujifunze chombo chako kwanza.

Chombo cha kawaida ni mrija wa mtiririko wenye utando wa barafu ukutani. Chukua mrija wa kioo wenye kipenyo cha ndani cha sentimita 2.5 na urefu wa kama sentimita 40, uliozungukwa na koti la kioo ambamo ethanoli iliyopozwa inapita. Ethanoli huganda kwenye nyuzi -114, kwa hiyo una nafasi ya kutosha. Katikati ya mrija pita sindano ndefu ya kioo inayoweza kusogezwa mbele na nyuma. Hiyo ndiyo inayoingiza gesi unayoipima. Gesi ya kubeba ni heliamu kwenye kanieneo ya tori 1 hivi, yaani paskali 133, ikivutwa na pampu ya ombwe. Mwishoni pana spektromita ya masi, inayotambua gesi kwa uzito wa molekuli zake na kutoa ishara inayolingana na wingi wake.

Utando wa barafu unaweza kuutengeneza kwa njia mbili. Unaweza kupitisha mvuke wa maji ukagandia ukutani, au unaweza kulowesha mrija kwa maji safi sana, ukamwaga yaliyozidi, kisha ukauingiza kwenye koti baridi huku ukiuzungusha. Sisi tunapendelea ya pili. Utando wa mvuke ni kama sifongo: una vinyweleo vingi, na uso wake halisi ni mkubwa kuliko ule unaouhesabu kwa rula. Vipimo vingi vya miaka ya mwanzo vilibidi kusahihishwa kwa sababu hiyo.

Unapoivuta sindano nyuma, gesi inapita juu ya barafu kwa muda mrefu zaidi na ishara inashuka. Chora logi asilia ya ishara dhidi ya muda. Mteremko wake ni k. Kisha:

γ = 2rk/ω

ambapo γ ni sehemu ya migongano inayofanikiwa, r ni nusu kipenyo cha mrija, na ω ni kasi ya wastani ya molekuli. Tuchukue ClONO2 kama mfano wa hesabu tu: kwenye kelvini 200, ω ni kama mita 208 kwa sekunde. Gesi ikitembea mita 10 kwa sekunde, na ishara ikashuka hadi asilimia 37 unapoivuta sindano sentimita 5, muda ni milisekunde 5 na k ni 200 kwa sekunde. γ inakuwa 2 × 0.0125 × 200 ÷ 208, yaani 0.024.

Hapo wengi husimama na kuandika jibu, na hapo ndipo wanapokosea. Molekuli lazima kwanza zisafiri kutoka katikati ya mrija hadi ukutani, na heliamu inazichelewesha. Kwa mfano huu, sahihisho la mtawanyiko linaweza kuongeza thamani karibu maradufu. Ukiona k haibadiliki hata ukibadilisha joto au aina ya uso, lakini inabadilika ukibadilisha kanieneo, ujue unapima mtawanyiko na wala si kemia.

Kosa jingine ni kusahau kwamba barafu nayo inavukiza. Kwenye kelvini 200 kanieneo ya mvuke wake ni paskali 0.16, na kwenye 190 ni 0.03. Heliamu kavu itaila barafu mwanzoni mwa mrija na kuilundika mwishoni. Ipitishe heliamu kwanza juu ya barafu nyingine yenye joto lilelile ili ifike ikiwa na mvuke wake. Sindano nayo ipashwe moto kidogo kwa waya, la sivyo gesi itanasa ndani yake na utahesabu hasara hiyo kama ya barafu.

HCl ikizidi, uso unayeyuka na kuwa kimiminiko cha asidi; hutakuwa tena unapima barafu. Na kwa gesi kama ClONO2 pasipo HCl, asidi ya nitriki inayozaliwa inafunika uso, γ inashuka dakika baada ya dakika. Andika thamani ya mwanzo, kisha weka utando mpya. Usirudie kipimo juu ya utando uliochafuka ukatafuta wastani.

Kwa HCl au asidi ya nitriki peke yake, kumbuka kwamba unachoona mara nyingi ni kunaswa na kuachiwa. Ishara itashuka, kisha itapanda tena uso ukijaa. Kipime kile kibonde kilichopo kati ya kushuka na kupanda, ukigeuze kuwa idadi ya molekuli kwa sentimita ya mraba. Hicho ni kipimo tofauti na γ, na mtahini makini atakuuliza.

Nimeona kwamba juu ya Ikweta, kilomita 17 hivi, baridi hufika nyuzi -80. Mbona hatuna shimo la ozoni huku kwetu? – Msomaji, Kisumu

Swali zuri kuliko mengi tuliyopokea. Ni kweli, kuna baridi, kuna barafu nyembamba, na jua lipo mwaka mzima. Kinachokosekana ni klorini iliyokwisha kutoka kwenye CFC. Hewa ya kimo hicho kwetu imepanda karibuni kutoka chini, na CFC zilizomo bado ni nzima. Mwanga mkali wa kuzipasua unapatikana juu zaidi. HCl ya pale ni kidogo sana. Isitoshe, safu hiyo baridi ni nyembamba, na ozoni yetu nyingi iko kama kilomita 25, ambako joto ni karibu nyuzi -50 na mawingu ya barafu hayapo. Wala hakuna duara la pepo linaloifungia hewa mahali pamoja kwa miezi, kama lile la Antaktika.

Barafu ya mawingu yetu ya juu ina shughuli nyingine. Radi, ambazo bonde la Kongo linazo nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, huzalisha oksidi za naitrojeni, nazo huishia kuwa asidi ya nitriki. Chini ya nyuzi -58 hivi, asidi hiyo hushikana na barafu kwa nguvu. NO na NO2 zenyewe hazishiki.

Mimi ni fundi wa friji. Gesi ninayoiachia hapa itafikaje Antaktika? Na zipi bado zina madhara kwa ozoni? – Fundi, Mombasa

Fundi, njia ya kwenda stratosfia inapita juu ya kichwa chako. Hewa hupanda kuingia stratosfia kwenye tropiki, husafiri juu kuelekea kwenye ncha, na hushukia huko; safari hiyo ni ya miaka kadhaa. R-12, ambayo ni mojawapo ya zile CFC, hudumu angani takriban miaka 100, kwa hiyo haina haraka. Gramu 100 za R-12 zina atomu za klorini kama trilioni moja mara trilioni moja.

R-12 ina klorini mbili kwa molekuli. R-22 ina moja na hudumu miaka kama 12, hivyo madhara yake kwa ozoni ni madogo lakini yapo. R-134a haina klorini kabisa, haiwezi kuingia kwenye mmenyuko wa barafu tuliouelezea. Tatizo lake ni joto la dunia, kwani kilo moja hufanya kazi ya zaidi ya kilo 1,400 za kaboni dioksidi katika miaka 100. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 na kuiongeza familia yake, HFC, kwenye Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda ozoni. R-600a, yaani isobutani, haina madhara kwa ozoni na yake kwa joto ni madogo, lakini inawaka.

Kazini: usifungue bomba gesi itoke. Ivute kwa mashine ya kurudisha gesi, kila aina na mtungi wake, na mtungi usijae zaidi ya asilimia 80, kwa sababu ukipata joto kimiminiko hutanuka na kukosa nafasi. Gesi zikichanganyika hazisafishiki tena kwa vifaa vya karakana. Kupima uvujaji tumia naitrojeni kavu na povu la sabuni. Kamwe usitumie oksijeni, hulipuka ikikutana na oili ya kompresa. Kabla ya kujaza, vuta ombwe hadi maikroni 500 (kipimo cha kanieneo ndogo) na uangalie kama linasimama. Kujaza ni kwa mizani kulingana na kibandiko cha friji, si kwa kugusa bomba na kusikiliza ubaridi. Na usiweke R-600a kwenye friji iliyoundwa kwa R-134a: relei na thamostati zake hutoa cheche.

Ninaishi kaskazini mwa Norwe. Nimesikia kwamba majira ya kuchipua ozoni ya karibu na ardhi huisha ghafla huku Aktiki. Je, ni mmenyuko uleule? Na theluji ya Kilimanjaro je? – Msomaji, Tromsø

Ni ndugu yake, kwa bromini. Theluji na barafu ya bahari ina chumvi, na katika chumvi pana bromaidi. HOBr (asidi ya haipobromasi) kutoka hewani ikitua kwenye uso wenye asidi humenyuka hivi: HOBr + Br⁻ + H⁺ → Br2 + H2O. Bromini moja inaingia, mbili zinatoka. Jua linazipasua, kila moja inakula ozoni na kurudi kuwa HOBr, mzunguko unakua wenyewe. Huko Alert, Kanada, ozoni ya ardhini imeonekana ikishuka kutoka sehemu 30 au 40 kwa bilioni hadi karibu sifuri katika muda wa saa au siku chache. Zebaki ya hewani inaondoka pamoja nayo, inaangukia thelujini na kuanza kuingia kwenye chakula cha viumbe. Hilo la zebaki ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu linawafikia watu wanaokula samaki na sili.

Kilimanjaro haina chumvi ya bahari ya kutosha kwa hayo. Klorini nitreti nayo haipatikani kwenye kimo hicho. Kinachotarajiwa huko ni mmenyuko uliogunduliwa kwenye theluji ya Greenland mwishoni mwa miaka ya 1990: nitreti iliyonaswa thelujini inapigwa na mwanga wa urujuanimno na kurudisha NO2 hewani. Kwa wale wanaosoma historia ya hewa kwenye mihimili ya barafu, yaani vipande virefu vilivyochimbwa kutoka barafu ya kale, maana yake ni kwamba nitreti waliyoikuta si lazima iwe ndiyo iliyoanguka.

Kuna jaribio lolote salama la darasani? – Mwalimu, Songea

Lipo, linaloonyesha kwa nini kemikali hukusanyika mahali padogo maji yakiganda. Chemsha mililita 400 za maji ili hewa itoke, yaache yapoe, tia matone 3 ya rangi ya chakula. Mimina kwenye kikombe cha plastiki, funika pande na chini kwa sponji nene au nguo, acha juu wazi, weka kwenye friza ya nyuzi -18. Yatoe yakiwa yameganda nusu, kwa kawaida baada ya saa 5 hadi 8. Angalia kila saa baada ya ya nne. Barafu ya juu itakuwa karibu nyeupe na rangi yote imesukumwa kwenye maji ya chini.

Usipofunika pande, rangi itafungiwa katikati. Ukiigandisha haraka au ukizidisha rangi, itanaswa ndani ya barafu na hutaona tofauti. Wanafunzi wakishaona, waambie kwamba nitraiti kwenye maji yenye asidi kidogo huoksidishwa na oksijeni kwa kasi mara kama 100,000 zaidi maji yanapoganda, kwa sababu nitraiti, asidi na oksijeni zote zimebanwa kwenye kijitone kilekile kilichobaki kati ya fuwele.